Sekunde Saba za Nyati Nne

1

Nyati Nne ilitua saa moja na nusu asubuhi ikiwa na matundu kumi na moja kwenye bawa la kushoto. Saa mbili kamili mimi na Koplo Shaweji Millanzi tulikuwa tumeshakaa ndani ya kontena, spika za masikioni zimetubana, tunaisikiliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yetu. Ndege ikirudi vitani bongo lake linafutwa, lakini halifutwi mpaka watu wawili walioapa wameisikiliza safari yote, tangu magurudumu yanapoacha ardhi mpaka yanapoigusa tena. Hairuhusiwi kuharakisha sauti wala kuruka kipande. Ndege ikikaa angani saa nne, nasi tunakaa kwenye kontena saa nne. Sheria ya Usikivu ilitungwa baada ya vita ya kwanza ya mashine, wakati wakubwa walipokuwa wakifuta kumbukumbu za ndege zao na kisha kusema hakuna kijiji kilichoguswa. Watu wakasema basi, atakayetaka kufuta asikilize kwanza. Kwa kuwa wakubwa hawana muda, tukatafutwa sisi.

Mimi ni Sajini Ludovika Mgaya. Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na huo ulikuwa mwaka wangu wa pili katika Kambi ya Lyambo, juu kwenye uwanda wa baridi ambako ukungu huondoka saa tano na kurudi saa tisa. Shaweji alikuwa mdogo wangu kwa miaka mitatu. Aliwahi kuwa fundi wa redio, na alikuwa mtu wa kuswali kwa wakati. Tulielewana kwa sababu hakuna kati yetu aliyependa kusema sana baada ya kazi.

Nieleze kwa nini bongo lilipaswa kufutwa. Nyati ni ndege nzito ya kivita, injini mbili, viti viwili, mizinga minne puani, na chini ya tumbo nafasi ya kubeba chochote utakachoambiwa. Katika vita ile, ndege ndogo zisizo na watu zilikuwa zimeshindwa, maana kila upande ulijua kuzipotezea njia. Ndipo wakarudia wazo la zamani: ndege kubwa yenye watu wawili ndani, inayofika mbali na kufanya kazi nyingi. Leo inasindikiza ndege za mizigo. Kesho inapiga malori na madaraja. Keshokutwa inapanda juu kuwadaka adui wanaokuja, au inakwenda peke yake kupeleleza. Kila kazi ina vazi lake, ndivyo tulivyoita ule mpangilio wa mawazo unaopakiwa kwenye bongo. Ukiiacha ndege na vazi la jana, itafanya kazi ya leo kwa tabia ya jana. Mwaka wa kwanza wa vita Nyati moja iliyokuwa ikisindikiza iliziacha ndege za mizigo angani na kwenda kufukuza lori barabarani, kwa sababu bado ilikuwa na hamu ya malori.

Kwa hiyo tunavua vazi, tunafuta, tunavalisha jingine. Chini ya mavazi yote kuna kiini, sehemu ambayo haivuliwi, inayojua kupaa na kutua na kumtambua rubani wake. Kiini hatukukigusa. Ndivyo tulivyodhani.

Safari ya asubuhi ile ilikuwa ya kushambulia Kivuko cha Lusembe, mahali ambapo adui alikuwa akivusha askari. Rubani alikuwa Kapteni Tusekile Mwaisumo, na kiti cha nyuma alikaa Luteni Bashiru Kipingu, anayesoma ramani, rada na redio. Tulizijua sauti zao kuliko tulivyozijua nyuso zao. Tulimsikia Kipingu akilalamika kuhusu magoti yake, kama kawaida. Alikuwa mrefu na kiti cha nyuma kilitengenezwa kwa ajili ya mtu mfupi. Tukamsikia Kapteni akisema anakiona kivuko, watu wengi, anashuka. Kisha mlio mdogo wa ruhusa.

Rubani wa Nyati havuti kifyatulio. Anabonyeza ruhusa kwa kidole gumba, na bongo ndilo linalochagua wakati wa kupiga, kwa sababu kwenye mwendo ule mkono wa binadamu huchelewa. Kati ya ruhusa na mlio wa mizinga hupita nusu sekunde. Mara hii haikuwa nusu. Ruhusa ilitoka, na mizinga ikakaa kimya. Tulimsikia Kapteni akiitukana ndege. Tukamsikia Kipingu akisema kwa sauti iliyokauka, "Wana mizigo kichwani. Bosi, wana watoto. Ondoa." Akaiondoa ruhusa. Ndege ikapita juu yao bila kupiga, na bunduki moja ya kulinda kivuko ikatupatia yale matundu kumi na moja.

Shaweji alivua spika na kusema alhamdulillahi. Mimi nilifanya ishara ya msalaba. Kwenye picha tulihesabu watu thelathini na wanne waliokuwa ndani ya maji mpaka kiunoni wakitazama juu. Katika taarifa tuliandika hitilafu ya mizinga, mafundi waichunguze. Mafundi waliichunguza, wakasema ni mizima.

2

Siku tano baadaye Nyati Nne ilisindikiza ndege sita za mizigo zilizokuwa zikiwaondoa majeruhi kutoka mstari wa mbele. Zilirudi tano.

Tulikaa kwenye kontena saa tatu asubuhi tukijua tayari tutakachosikia. Hiyo ndiyo sehemu ngumu ya kazi ile. Unajua mwisho, na unalazimika kuusubiri kwa mwendo wake. Kwa saa moja na nusu hapakuwa na kitu ila injini na Kipingu akisoma urefu na mwelekeo. Kisha akasema ndege mbili nyepesi kulia, chini, zinapanda.

Nyati haiwezi kugeuka pamoja na ndege nyepesi. Ikijaribu inakufa. Uhai wake ni kupiga wa kwanza, kwa mizinga yote minne, na kuondoka kwa kasi. Marubani wote wa Nyati hufundishwa hilo siku ya kwanza. Kapteni alifanya kila kitu sawasawa. Aliinua pua, akaiweka ndege ya adui mbele yake, akatoa ruhusa.

Kimya.

Kwa kuwa nilijua kinachokuja, midomo yangu ilikuwa imeshaanza sala ya marehemu, ile fupi niliyofundishwa na mama. Niliisema kwa mwendo wangu wa siku zote. Nilipofika kwenye amina, mizinga ilipiga.

Ilikuwa imechelewa. Adui alikuwa ameshapita na kuifikia Mizigo Tatu, mojawapo ya zile ndege sita. Ndege zile husikia redio za pande zote, kwa hiyo tulimsikia rubani wa Mizigo Tatu akisema injini ya kulia inawaka, halafu akisema majina ya watu aliowapakia, moja baada ya jingine, kana kwamba anamkabidhi mtu. Walikuwa kumi na tisa. Hakuyamaliza.

Nilibonyeza kitufe cha kusimamisha. Shaweji alifungua viganja vyake juu ya meza. Tulikaa hivyo, kila mmoja na maneno yake, kisha nikabonyeza mashine iendelee.

Sikumbuki ni nani kati yetu aliyeanza kufanya hivyo. Kwetu jeneza likipita barabarani gari husimama, redio huzimwa, na aliyekuwa akigonga msumari huweka nyundo chini. Mtu anapokufa masikioni mwako ni jeneza linapita. Huwezi kuiacha mashine iendelee kusema juu yake. Tangu wiki ya kwanza, kila aliposikika mtu akifa, wa upande wetu au wa upande wao, tulisimamisha, tukaomba, tukaendelea. Hakuna aliyetuambia tufanye. Hakuna aliyetukataza.

Mizinga ilipiga mara mbili zaidi katika safari ile. Mara zote mbili nilisema sala yangu tangu mlio wa ruhusa, taratibu, nikiangalia saa ya ukutani. Mara zote mbili amina na mlio vilikutana. Sekunde saba.

Nilimwambia Shaweji tusifute kwanza.

3

Mwongozo wa mashine ulikuwa na kurasa mia tatu na kitu, na katika kambi nzima sidhani kama kuna mtu aliyepita ule wa arobaini. Niliusoma siku ile tangu saa saba mchana, kidole kikifuata mstari. Nilikipata nilichokuwa nakitafuta katika ukurasa wa mia mbili na kumi na mbili. Wabunifu walifikiri kwamba msikilizaji akisimamisha mashine, maana yake amesikia jambo ambalo ndege inapaswa kulijifunza. Kwa hiyo kila kipande kilichosimamishwa hakifutwi. Kinashuka kwenye kiini. Na urefu wa kusimama nao unahifadhiwa, kama alama ya uzito wa jambo.

Nilifungua kiini kwenye skrini. Kulikuwa na vipande sitini na kimoja. Vyote vilikuwa watu wakifa, na baada ya kila kimoja, kimya cha sekunde saba, mara nyingine nane. Kwa miezi kumi na minne tulikuwa tumeifundisha ndege ile kitu kimoja tu, na ilikuwa imeelewa: penye kifo, subiri. Ilikuwa imejifunza kusubiri kabla.

Shaweji alisoma ukurasa ule mara mbili, akaufunga mwongozo na kukaa akiutazama. Kisha akasema tusiseme kwa mtu. Alisema watu thelathini na wanne wa Lusembe wanapumua kwa sababu ya sekunde zile, na kwamba yeye hawezi kwenda mbele ya Mola akiwa mtu aliyezitoa. Nilimkumbusha Mizigo Tatu. Akasema anaikumbuka. Nikamwambia kesho saa nne Nyati Nne inasindikiza tena, ndege tano. Akasema analijua hilo pia.

"Basi tuitoe hiyo subira kwenye vazi la kusindikiza tu, dada," akasema. "Tuiache kwenye la kushambulia."

Ningefurahi sana kama ingewezekana. Lakini kiini hakijui vazi. Ndege ni moja, na anayesindikiza majeruhi na anayepiga malori ni yuleyule. Ungeweza kuiondoa subira yote au kuiacha yote.

Shaweji alitoka nje kuswali alasiri. Mimi nilibaki nikapiga magoti kati ya meza na ukuta, mahali pembamba, na kumwomba Mungu aniambie. Sikusikia kitu. Nimefanya kazi ya kusikiliza, najua tofauti kati ya kutosikia vizuri na kutokuwepo kwa sauti. Siku ile haikuwepo. Nilichokuwa nacho ni uchovu, na wazo moja tu lililosimama sawasawa ndani yake: kwamba wale wawili wanaokaa ndani ya ile ndege wana haki ya kujua inachokifanya.

4

Niliwakuta kwenye bwalo la chakula, wamekaa pembeni, wanakula wali na maharage. Kapteni Tusekile alikuwa na miaka thelathini na moja na mikunjo ya mtu wa arobaini. Tangu Mizigo Tatu ianguke alikuwa hazungumzi na mtu ila Kipingu. Nilimwomba ruhusa ya kukaa, nikawaeleza yote, kuanzia kitufe mpaka ukurasa wa mwongozo. Sikujitetea.

Kipingu ndiye aliyesema kwanza. "Kwa hiyo ndege yetu imeokoka," akasema. "Kumbe siku zote naruka na mlokole na sijui."

Kapteni hakucheka. Aliniuliza kama zile sekunde zingetosha kumwokoa Mizigo Tatu. Nilimwambia zingetosha. Akaniuliza kuhusu Lusembe. Nilimwambia bila zile sekunde wangewapiga wale watu.

"Hapana, mama Ludo," akasema. "Si tungewapiga. Nilishawapiga. Ruhusa niliitoa mimi, kidole changu. Ndege ndiyo iliyokataa." Alisukuma sahani. "Nimekuwa nalala vizuri wiki nzima kwa sababu ya kosa la mashine."

Watu wa karakana walipita na trei zao wakitusalimu, nasi tukaitikia.

Kisha Kapteni akasema kwamba hawezi kuniambia niziache zile sekunde. Nyuma yake kesho kuna ndege tano zilizojaa watu waliolala kwenye machela, na hao hakuna aliyewauliza. Lakini hawezi pia kurudi kuwa mtu wa nusu sekunde. Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayepanga vitu mezani. Tukienda kusindikiza au kudaka, alisema, ndege ipige mara moja. Tukienda kupiga ardhi, yeye mwenyewe atahesabu mpaka saba kabla ya kubonyeza ruhusa, na atahesabu kwa sauti, ili sisi kwenye kontena tusikie kama ametimiza.

Kipingu aliweka kijiko chini. Alieleza, bila kulalamika, kama anayesoma hali ya hewa, kwamba sekunde saba juu ya bunduki za ardhini ni sekunde saba za ndege nzito inayokwenda mstari mmoja. Na kwamba rubani ana bamba la chuma mgongoni, ila kiti cha nyuma hakina, kwa sababu waliliondoa kupunguza uzito.

"Najua," Kapteni akasema. "Ndiyo maana nakuuliza. Ukisema hapana, sitahesabu."

Kipingu alimtazama. Halafu akachukua kijiko tena. "Hesabu, bosi. Ila usihesabu kama mwalimu wa chekechea."

Jioni ile nilikwenda kwa Meja Anatoli Hokororo, mkuu wa kambi, nikatoa taarifa yangu na kuacha kofia mezani, kama mtu anayetarajia kuondolewa kazini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema atachunguza wasikilizaji wa ndege nyingine zote, maana hafikirii kama ni sisi wawili tu tuliolelewa vizuri. Kuhusu adhabu hakusema kitu. Alikuwa mtu aliyechoka kama sisi. Aliuliza kazi itachukua muda gani, na kama itakwisha kabla ya saa nne asubuhi.

5

Kiini hakifutwi kwa kitufe. Kila kipande kinatolewa kwa kukisikiliza tena, watu wawili walewale, bila kusimamisha. Ukisimamisha, kipande kinarudi kikiwa na uzito mara mbili.

Tulianza alfajiri. Shaweji alikuja, ingawa niliogopa hatakuja. Alisema ameapa kusikiliza na hakuapa kusikiliza anachokipenda. Vipande sitini na kimoja, kila kimoja kama dakika tatu. Niliweka mikono yangu chini ya mapaja ili isiende kwenye mashine yenyewe. Kipande cha tatu kilikuwa cha mwanamume wa upande wa adui aliyekuwa akiimba kabla ya kupigwa. Cha kumi na nane kilikuwa cha rubani wetu aliyeuliza ni saa ngapi. Wote niliwakumbuka. Wote tulikuwa tumeshawaombea, na sasa tulikuwa tunawapita kama watu tusiowajua, na mashine ikisema urefu, kasi, mafuta, juu ya sauti zao. Kwenye kipande cha arobaini Shaweji alilia. Hakutoa sauti, kwa sababu sauti nayo ingeweza kuhesabiwa.

Saa tatu na robo skrini iliandika kwamba kiini hakina tena kipande hata kimoja. Tulitoka nje. Nyati Nne ilikuwa inawashwa, injini ya kushoto kwanza, kama kila siku. Shaweji aliitazama akasema inaonekana vilevile.

Siku ile ndege tano zilikwenda na tano zikarudi. Adui walikuja watatu. Mizinga ilipiga nusu sekunde baada ya ruhusa, na mmoja wao akaanguka, wengine wakageuka. Tulimsikia yule aliyeanguka. Sikusimamisha. Niliomba huku mashine ikiendelea, na maneno yangu yalichanganyika na ya Kipingu aliyekuwa akisoma mwelekeo wa kurudi nyumbani, nikapotea katikati, nikaanza upya.

Walibebwa majeruhi mia moja na watatu. Nilikwenda kuwaona wakishushwa. Sikujua nilitarajia kuhisi nini.

6

Siku tisa baadaye Nyati Nne ilipelekwa kupiga msafara wa malori kwenye barabara ya Itanda. Ilitua saa nne asubuhi, ikiyumba. Gari la wagonjwa liliifuata mpaka mwisho wa njia, kisha likarudi polepole, bila king'ora. Tuliokuwa tumesimama pale tulielewa.

Tuliingia kwenye kontena. Safari ilikuwa ya saa tatu na dakika kumi.

Kipingu alizungumza sana siku ile. Alieleza jinsi mke wake anavyopika makande, hatua kwa hatua, mpaka Kapteni akamwomba anyamaze kwa sababu ana njaa. Walipofika Itanda alisema kuna vumbi, anaona malori kumi au kumi na mbili, lakini haoni vizuri wanaoyapanda. Kapteni alisema anashuka. Bunduki za ardhini zilianza mapema. Tulisikia risasi zikigonga mwili wa ndege, kama mtu anayemwaga kokoto kwenye bati.

"Moja," Kapteni akasema.

Hakuhesabu haraka. Nilikuwa nimeomba kwamba ahesabu haraka. Alihesabu kwa mwendo wa kweli, kila namba mahali pake. Mbili. Tatu. Alipofika nne palisikika kishindo nyuma, na pumzi ya Kipingu, moja, ya mtu aliyeshtushwa. Kapteni akanyamaza nusu sekunde. Aliijua ile pumzi. Kisha akasema tano. Akasema sita. Sauti yake haikubadilika hadi saba. Mlio wa ruhusa ulitoka, na ndege ikapiga mara moja, kwa utii, mizinga yote minne.

Alipopanda juu alimwita. Luteni. Kipingu. Bashiru. Hakujibiwa. Dakika hamsini za kurudi hakukaa kimya. Alimsomea Kipingu urefu na mwelekeo, vitu ambavyo Kipingu ndiye aliyekuwa akimsomea yeye. Alimwambia mlima uko kushoto, mafuta yanatosha, ukungu umeondoka leo mapema. Tulisikiliza yote. Mkono wangu ulikuwa juu ya meza, na Shaweji alikuwa ameushika kwa mkono wake, si kwa kunizuia, wala si kwa kunifariji. Alikuwa ameushika tu.

Ndipo tukaangalia picha. Nilizirudia mara tatu, polepole, kwa sababu picha sheria inaruhusu kuzirudia. Malori kumi na moja. Mizinga ya kukokotwa, imefunikwa turubai. Wanaume waliovaa sare, wamekaa kwenye mistari, bunduki kati ya magoti. Hapakuwa na mwanamke. Hapakuwa na mtoto wala mzigo kichwani.

Nilipofungua mlango, Kapteni Tusekile alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kontena, bado amevaa suti ya kurukia. Upande wa mgongo ilikuwa na madoa ambayo hayakuwa yake. Alikuwa amekaa pale saa tatu na zaidi. Alijisogeza nikapata nafasi, nikakaa.

Aliuliza kama tumesikia saba. Nilimwambia tumezisikia zote.

"Walikuwa akina nani, mama Ludo? Mimi niliona vumbi tu."

Ningeweza kusema kulikuwa na watu wawili watatu nisiowatambua. Ningeweza kusema picha ni mbaya. Neno la namna hiyo lingekuwa rahisi kwake, na pengine lingemsaidia kulala. Shaweji alikuwa amesimama mlangoni nyuma yetu, na nilijua asingenipinga. Lakini mtu huyu alikuwa amekubali kuhesabu kwa sauti ili tusikie, na nilichokuwa nacho cha kumpa ni kile nilichokisikia na kukiona.

"Walikuwa askari, Kapteni," nikasema. "Wote."

Alitikisa kichwa taratibu kwa kukubali. Hakulia. Alivua glavu moja, akaitazama, akaivaa tena kana kwamba amesahau kwa nini aliivua. Mafundi walikuwa wameshaanza kuiosha Nyati Nne kwa mpira wa maji, wakianzia kiti cha nyuma. Ukungu ulikuwa unakuja kutoka upande wa miti.

Aliuliza kesho ni kazi gani. Nilimwambia nimeona kwenye ubao: kupiga ardhi, barabara ileile, saa mbili.

"Nani anakaa nyuma?"

Sikujua.

"Nitafutie jina lake, mama," akasema. "Nataka nimwone leo, kabla hajala. Nimwambie kwamba mimi huwa nahesabu, na kwamba anaweza kukataa."

Nilisimama, magoti yakiniuma kwa kukaa, nikaenda ofisini kuuliza.